Naye Alipwe

Akina mama wenzetu, katika nyumba nyingi za Tunduma, Vwawa na vijiji vya Mbozi yupo kijana anayeamka wa kwanza. Huchota maji, hupasua kuni, na msimu wa kahawa hujaza madebe kama wengine. Jioni wenzake wakihesabiwa fedha, yeye hupewa sahani ya ugali. Ukiuliza, utajibiwa: "Huyu ana matatizo ya akili, fedha atazifanyia nini?"

Sisi wauguzi tunaomwona kila mwezi anapokuja kuchomwa sindano yake tunalo jibu. Atanunua sabuni, shati na soda. Atamnunulia mama yake kanga. Hata makanisa mengine humfagilisha kiwanja mwaka mzima na kuiita huduma, huku mlinzi akilipwa.

Zamani ilidhaniwa kwamba mwenye skizofrenia, yaani ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, ni lazima apone kabisa ndipo atafutiwe kazi. Kazi zake zilikuwa za hospitalini. Kule Lutindi, wilayani Korogwe, hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani imepokea wagonjwa wa akili tangu 1904, na kilimo na kazi za mikono ni sehemu ya matibabu yake. Ni jambo jema, maana kukaa bure humrudisha mgonjwa nyuma. Lakini akisharudi nyumbani, nani atamwajiri?

Katika miaka ya 1990, Robert Drake na Deborah Becker wa Marekani walieneza njia nyingine. Mgonjwa anayetaka kazi atafutiwe mapema, iwe kazi ya kweli yenye ujira wa kawaida, ile anayoipenda mwenyewe, na aliyemtafutia aendelee kumtembelea. Uchunguzi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba wanaosaidiwa hivyo hupata kazi takribani mara mbili ya wanaosaidiwa kwa njia za zamani. Katika kliniki zetu hakuna mtumishi wa shughuli hiyo. Mtumishi ni wewe mama.

Chagueni kazi pamoja naye. Hapa mpakani vibarua vingi ni vya kushusha mizigo, na vingine ni vya usiku. Tunavihofia, kwa kuwa kukosa usingizi huweza kuuamsha ugonjwa, na penye malori pombe na bangi haziko mbali. Afadhali kazi ya mchana: kuosha vyombo kwa mamalishe, bustani ya mboga, kuku, kuchuma kahawa. Anayemeza klopromazini avae kofia na mikono mirefu, kwani dawa hiyo hufanya ngozi iungue upesi juani. Ikiwa dawa inamsinziza kazini au mikono inatetemeka, mwambieni daktari. Huenda akabadilisha saa au kipimo. Asiiache mwenyewe.

Kabla ya kuonana na mwajiri, muulize mwanao anataka aelezwe nini. Siri ni yake. Kisha ombeni siku moja ya kliniki kila mwezi, na siku chache za kazi kwa kuanzia. Ujira utajwe mbele yake, si pembeni kwa baba.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kibanda cha chipsi hakifiki huko, lakini kampuni kubwa zinafika, na mama anayeijua sheria hasemi kwa woga.

Fedha akabidhiwe mwenyewe. Akiogopa kuzipoteza, awe na kibubu na ufunguo akae nao yeye.

Mwenye shamba aombwe wiki kadhaa kabla ya kahawa kuiva. Siku ya kwanza ya kuchuma watu ni wengi, kila mmoja anagombea debe, na hakuna atakayepata nafasi ya kukusikiliza.