Mti wa Pichi Mbele ya Nyumba

Mti wa pichi, ambao vitabu huuita mfyulisi, una tabia moja ipendezayo sana: hutoa maua kabla ya majani. Matawi yaliyodhaniwa kuwa yamekauka hugeuka kuwa na rangi ya waridi tangu shina hadi ncha. Ndiyo sababu watu huupanda mbele ya nyumba, si nyuma. Lakini katika Rongai ya Nakuru (hatusemi Ongata Rongai ya karibu na Nairobi) huweza kutokea mtu akanunua mche, akautilia maji miaka mitatu au minne, asipate ila majani matupu.

Sababu yake ni hii. Asili ya mti huu ni China, mahali penye majira ya baridi kali. Huko hupukutisha majani na kulala, wala hauamki mpaka umepata saa za kutosha za baridi. Wataalamu huhesabu zile saa ambazo hewa iko chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Aina iitwayo Redhaven, iliyozalishwa Marekani, hudai zaidi ya saa 800. Rongai, iliyo kwenye kimo cha karibu mita 1,900, haiwezi kuupa mti baridi ya kadiri hiyo. Molo iko juu zaidi na baridi yake ni kali zaidi, kwa hiyo haimfai mtu wa Rongai kuiga kila kipandwacho Molo. Kwa bahati njema, huko Florida zilizalishwa aina za nchi zenye joto, kama vile Flordaprince, ambayo hutosheka na saa 150 hivi. Basi, kabla ya kuuliza bei, mwulize mwenye kitalu jina la aina na baridi inayoitaka. Asiyeweza kujibu, mwachie miche yake.

Kokwa ya tunda ulilokula huota pia, ila mti wake si lazima ufanane na mama yake. Mche uliounganishwa ni bora.

Chimba shimo la sentimeta 60 kila upande, mahali penye jua, mita 4 au 5 kutoka ukutani, na uchanganye udongo na samadi iliyooza vizuri. Pasituame maji, kwani mizizi ya pichi huoza upesi.

Hata aina iliyo njema huweza kukosa usingizi, kwa kuwa hali ya hewa haiulazimishi mti kulala. Hapo mwenye bustani hana budi kuulaza mwenyewe. Wakulima wa matufaha wa Batu, katika kisiwa cha Java, hupukutisha majani yote kwa mikono baada ya mavuno, na matumba yaliyolala huamka. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo. Kiangazi kiingiapo, mwezi wa Desemba, acha kutilia maji mpaka majani yachakae. Kisha ondoa yaliyobaki, pogoa, ndipo urudishe maji kwa wingi. Usifanye hivi kwa mti mchanga wa chini ya miaka miwili, wala kwa mti mgonjwa. Usifanye pia karibu na masika, kwa maana nyuki hawaruki katika mvua kubwa, na maua huanguka bure.

Katika kupogoa, kumbuka kwamba pichi huzaa juu ya vijiti vilivyoota mwaka uliopita. Vijiti vizee huzaa haba. Kata matawi ya katikati ili mti uwe wazi kama kikombe na jua liingie. Matunda yakifikia ukubwa wa gololi, yapunguze, kila moja likae mbali na jingine kiasi cha sentimeta 15. Jambo hili huwauma wengi moyoni, lakini tawi lililoachwa na matunda yote huvunjika, au huzaa vitunda vidogo visivyo na utamu.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda. Tangu mwaka 2003 yupo Kenya nzi mgeni kutoka Asia, mkali kuliko wale wa zamani. Okota kila tunda lililoanguka, ulifukie chini zaidi ya sentimeta 50, au ulifunge katika mfuko mweusi wa plastiki na kuuanika juani. Tunda likiachwa chini huzaa nzi wa msimu ujao.

Watoto nao waonywe wasivunje kokwa na kutafuna kiini chake, kwa kuwa kina sumu.