Maji Yetu Yametoka Wapi, na Je, Yanamfaa Mtoto?

  Leo, kabla hatujaanza, tazama ule mtungi wa lita 20 ulio jikoni mwako. Jiulize: Maji haya yametoka wapi? Yamepita wapi kabla ya kufika hapa? Ukijua jibu, utajua pia la kufanya kabla ya kumpa mtoto anywe.

Tuanze na mji wetu. Jina Eldoret limetokana na neno la Kimaasai, eldore, maana yake mto wenye mawe. Mto huo ni Sosiani. Wazee wengi bado huuita mji huu Sisibo, kwa sababu ulianzia katika shamba nambari 64. Posta ilifunguliwa hapo mwaka wa 1910, reli ikafika mwaka wa 1924, na mwaka wa 1928 mji ukawekewa mabomba ya maji kutoka Mto Sosiani.

Mji ulipokua, mto peke yake haukutosha. Yakajengwa mabwawa, likiwemo la Ellegirini. Katika miaka ya 1990 likajengwa bwawa la Chebara kwenye Mto Moiben, kule Elgeyo Marakwet. Kwa hivyo, ukifungua mfereji mjini Eldoret, huenda maji unayokinga yametoka mbali, katika vilima vya Cherangani.

Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002 iliweka utaratibu mpya ambapo kampuni za maji hupewa leseni na kusimamiwa. Hapa kwetu kampuni hiyo ni ELDOWAS. Nayo Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha.

Sasa sikiliza hesabu hii. Katika sensa ya mwaka wa 2009 Eldoret ilikuwa na watu 289,380. Mwaka wa 2019 walikuwa 475,716. Agosti 2024 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Watu huongezeka upesi kuliko mabomba. Katika mitaa ya pembeni, palipokuwa mashamba sasa ni ploti, na katika ploti nyingi mtu huanza kwa kuchimba mashimo mawili: kisima na choo. Hapo ndipo penye hatari, mama.

Utafiti mmoja kuhusu mtaa wa Langas, jirani zetu, ulichapishwa mwaka wa 2007. Watu 91 katika kila 100 walitegemea zaidi maji ya visima. Maji yalipopimwa, sampuli 97 katika kila 100 za visima vifupi zilikuwa na vijidudu vya aina itokayo kwenye kinyesi. Maji ya mfereji yaliyopimwa hayakuwa navyo hata kidogo.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Maji ya mfereji hutibiwa kabla hayajafika kwako. Kwanza hutiwa shabu, ambayo hukusanya uchafu ukashikana na kuzama chini. Kisha huchujwa kwa mchanga. Mwisho hutiwa klorini, dawa inayoua vijidudu na kuendelea kuyalinda maji yakiwa ndani ya bomba. Kisima hakina mtambo wa kutibu maji. Maji ya choo hupenya udongoni polepole, na kama kisima kiko karibu, humo ndimo yanamoingia. Wakati wa mvua nyingi hali huwa mbaya zaidi, kwani maji hupanda ardhini na vyoo hufurika.

Utasema, "Lakini maji ya kisima changu ni meupe, na ni matamu!" Mama, vijidudu havionekani kwa macho. Mwaka wa 1854, kule London, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 karibu na pampu moja ya maji katika Broad Street. Watu waliyapenda maji ya pampu hiyo. Daktari mmoja, John Snow, aliuliza nyumba hadi nyumba na kugundua kwamba wengi wa waliokufa waliyanywa. Baadaye ilijulikana kwamba katika nyumba iliyokuwa karibu na kisima hicho, mtoto mchanga alikuwa akihara, na mama yake alifua nepi na kumwaga maji yale katika shimo la maji machafu. Shimo lilivuja hadi kisimani.

Fikiria hilo. Mama yule hakuwa mvivu wala mchafu. Alikuwa akiuguza mtoto wake, kama wewe unavyomuuguza wako. Hakujua tu maji yanakwenda wapi.

Na sisi je? Katika utafiti ule wa Langas, watu 30 katika kila 100 walisema watoto hujisaidia nje, mahali wazi. Wengi huamini kinyesi cha mtoto hakina madhara. Si kweli. Kinyesi cha mtoto anayehara kina vijidudu vingi. Kitupe chooni kila mara, na maji ya kufulia nepi yamwage chooni pia, mbali na kisima. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Tufanye nini basi? Kuweka mabomba ni kazi ya serikali na kampuni ya maji, na tuna haki ya kudai. Lakini mtoto atasikia kiu leo. Basi tufanye haya:

1. Chemsha maji ya kunywa. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka kabla ya kufikia joto linalofikiwa pwani. Kwa hivyo yakianza kutokota, yaache yatokote kwa dakika 3.

2. Kama makaa au kuni ni shida, tumia dawa ya klorini ya kutibu maji. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha ngoja nusu saa. Maji yakiwa na matope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

3. Weka maji ya kunywa katika chombo safi chenye kifuniko. Usichovye kikombe ndani. Hata maji ya mfereji huchafuka katika mtungi mchafu. Mfereji ukikauka siku kadhaa kisha maji yakarudi na rangi, yatibu kwanza.

4. Kisima kiwe na ukingo na kifuniko. Ukichimba choo kipya, kiweke upande wa chini wa mteremko, angalau mita 30 kutoka kisimani. Kama ploti ni ndogo, zungumza na jirani, maana choo chake nacho kinahusu kisima chako.

5. Mtoto aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee. Hahitaji hata maji.

Na mtoto akihara? Mpe maji yenye ORS kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na uulize kliniki kuhusu vidonge vya zinki. Akiwa na macho yaliyozama, akishindwa kunywa, akilegea, akiwa na damu kwenye choo, au akihara maji mengi mfululizo, usingoje kesho. Mpeleke hospitalini mara moja, na njiani uendelee kumpa ORS kama anaweza kunywa.

Tangu mwaka wa 1928 mji huu unatafuta maji, mto hadi bwawa. Siku mabomba yatakapofika katika kila ploti, tutafurahi. Hadi siku hiyo, wewe mama ndiwe mtambo wa kutibu maji nyumbani kwako. Leo jioni, ukiweka sufuria jikoni, hesabu zile dakika 3.