Uzamili wa tiba ya usemi: Mlango mwembamba wa Marekani, na mingine iliyo karibu na nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Kijana wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura anayetaka kuwa daktari anajua aanzie wapi. Anayetaka kumsaidia mzee aliyepoteza maneno baada ya kiharusi, au mtoto mwenye kigugumizi, usonji au mtindio wa ubongo, mara nyingi hajui amwendee nani. Walimu wengi wa sekondari hawajawahi kuisikia fani hiyo. Mzazi naye akiambiwa, huuliza kama ni kazi ya kufundisha watu kuzungumza Kiingereza vizuri.

Fani yenyewe ni tiba ya usemi na lugha, na si suala la matamshi tu. Mtaalamu wake ndiye anayepima kama mgonjwa wa kiharusi anaweza kumeza uji bila chakula kuingia kwenye mapafu. Ndiye pia anayempokea mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka baada ya daktari wa upasuaji kumaliza kazi yake. Katika eneo letu upasuaji huo unafanyika, ikiwemo katika hospitali ya CoRSU hapa Uganda na CCBRT jijini Dar es Salaam. Lakini kaakaa lililoshonwa halijui kazi yake lenyewe. Mtoto aliyechelewa kufanyiwa upasuaji huendelea kutoa sauti puani na kubana maneno kooni hadi mtu amfundishe upya, na watu wa kumfundisha ni wachache mno kulinganisha na watoto wanaosubiri.

Ndiyo maana idadi ya vijana wanaotazama Marekani, kwenye programu nyingi za fani hii, inastahili kuzungumzwa. Ni njia nzuri, lakini ni ghali na ina ushindani mkali, na wengi hukwama kwa mambo ambayo wangeyarekebisha mapema kama wangeyajua.

Kwa nini nafasi ni chache

Marekani hairuhusu mtu kufanya kazi hii akiwa mtaalamu kamili kwa shahada ya kwanza. Ni lazima awe na uzamili kutoka programu iliyothibitishwa na baraza la ithibati lililo chini ya ASHA, chama cha kitaifa cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu. Shahada ya kwanza ni maandalizi tu. Hivyo kila anayemaliza shahada hiyo huko hukimbilia mlango mmoja, na wageni nao hufika mlangoni hapo hapo.

Chuo hakiwezi kuongeza viti tu kama kinavyofanya kwenye darasa la biashara. Mwanafunzi anayetafuta cheti cha ASHA lazima akamilishe saa 400 za mazoezi ya kliniki, 25 kati yake akitazama wengine wakifanya kazi na 375 akihudumia mwenyewe chini ya msimamizi mwenye cheti. Msimamizi mmoja hawezi kuangalia wanafunzi 30 kwa pamoja. Kinachoamua ukubwa wa darasa ni idadi ya kliniki, shule na hospitali zinazokubali wanafunzi, na ndiyo maana darasa moja huwa na watu wachache huku maombi yakifika kwa mamia.

Baada ya masomo, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili, kuna mtihani wa Praxis ambao alama ya kufaulu ni 162. Kisha unafuata mwaka wa kwanza wa kazi chini ya uangalizi, usiopungua wiki 36 na saa 1,260. Mwenye viza ya mwanafunzi ana bahati kidogo hapa: ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu ni ya miezi 12, nayo inatosha kumaliza wiki hizo kama hatapoteza muda akitafuta ajira.

Hati ya matokeo inapokusaliti

Vyuo vingi vinataka wastani wa alama usiopungua 3.0 kati ya 4, lakini hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Waliopokelewa mara nyingi wako juu ya 3.5. Na hapo ndipo mwombaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa macho.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere hutumia mizani ya 5. Mhitimu aliyepata 3.8 kati ya 5 akijaza 3.8 kwenye fomu inayosoma kati ya 4, amejipandisha daraja bila kujua, na hilo likigundulika linaonekana kama udanganyifu. Kwa upande mwingine yupo anayeumizwa. Alama ya 70 Nairobi au Dar es Salaam ni A. Makerere A huanzia 80. Marekani, mtu anayesoma harakaharaka akiona 70 anaona C, yaani mwanafunzi wa kusuasua. Kenya nako matokeo hutolewa kwa madaraja ya heshima, na maneno "daraja la pili la juu" hayamwambii chochote mtu aliyeketi ofisini Ohio.

Dawa ni mbili. Kwanza, hakikisha hati yako ina ukurasa unaoeleza mizani ya alama ya chuo chako, na kama haina, omba barua ya msajili inayoieleza. Pili, hati za nje ya Marekani hupelekwa kwa taasisi ya kutathmini kama WES, ambayo huzigeuza somo kwa somo. Chuo chako ndicho kinachotakiwa kutuma hati moja kwa moja. Kwa yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye ofisi ya msajili katika vyuo vyetu, ushauri ni mmoja: anza miezi mitano kabla. Hati iliyokaa mezani kwa sababu mwenye muhuri yuko likizo haimsikitishi mtu yeyote upande wa pili.

Masomo uliyosoma nayo yanaangaliwa. ASHA inadai kila mtaalamu awe amesoma takwimu, biolojia, sayansi ya jamii au ya tabia, na ama fizikia ama kemia. Aliyesoma isimu ya Kiswahili, ualimu au saikolojia hajafungiwa. Mtu wa isimu anafika na fonetiki mkononi, na hiyo ni faida kubwa. Lakini atatakiwa kwanza kusoma masomo ya msingi kama anatomia ya viungo vya usemi na usikivu, ukuaji wa lugha ya mtoto na utangulizi wa elimu ya usikivu. Baadhi ya vyuo vya huko, kikiwemo Utah State, hufundisha masomo hayo kwa njia ya mtandao, hivyo inawezekana kuyamaliza ukiwa Arusha au Kigali kabla ya kulipia tiketi ya ndege.

Mtihani wa GRE umeondolewa na programu nyingi katika miaka ya karibuni, ila si zote. Mtihani wa Kiingereza hutegemea chuo: wapo wanaowasamehe wahitimu wa vyuo vinavyofundisha kwa Kiingereza, mradi msajili aandike barua. Hilo huwasaidia Wakenya, Waganda, Watanzania na Wanyarwanda. Mwombaji kutoka Burundi au Kongo, aliyesoma kwa Kifaransa, ajiandae kufanya mtihani.

Barua na insha

Maombi mengi hupitia mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao CSDCAS. Mfumo huo humtumia mhadhiri kiungo kwenye barua pepe, naye hupandisha barua yake humo bila wewe kuiona. Tatizo letu linajulikana. Mhadhiri anayekupenda kweli anaweza kuwa na barua pepe ya chuo asiyoifungua tangu muhula uliopita, au akaandika mistari minne kwamba "huyu ni mwanafunzi mwenye nidhamu na mtiifu". Nidhamu ni jambo jema, lakini barua inayosaidia ni ile inayosimulia ulifanya nini: uliandika tasnifu gani, ulimhudumiaje mtoto fulani kwenye kituo, ulikosolewa ukarekebisha nini. Kumpelekea mhadhiri ukurasa mmoja wa kumkumbusha mambo hayo si kumkosea heshima. Mpigie simu pia, na umwendee ofisini.

Insha ndiyo mahali ambapo mwombaji wa ukanda huu ana kitu ambacho mwenzake wa Marekani hana, na wengi hukitupa kwa kuandika habari za umaskini wa utotoni. Sheria ya elimu maalumu ya Marekani, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1975, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana. Maelfu ya familia za wakimbizi kutoka Kongo zimepelekwa huko, na nyingi huzungumza Kiswahili. Mtoto wa Bukavu aliyezoea kusema "zahabu" badala ya "dhahabu", kama wanavyosema watu wa kwao, akikutana na sauti za Kiingereza zinazotolewa kwa ulimi katikati ya meno, ataweka z au s. Je, ana kasoro ya usemi au anazungumza Kiswahili cha kwao? Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto ambaye lugha ya mama haitofautishi r na l. Mtu asiyejua lugha hizi anaweza kumpeleka mtoto mzima kwenye tiba asiyoihitaji, au, jambo baya zaidi, akadhani kila kosa ni la lugha ngeni na kumwacha mtoto mgonjwa bila msaada.

Kamati ya udahili inayosoma insha mia tatu za watu "wanaopenda kusaidia" itasimama kwa mwombaji anayeweza kueleza jambo hilo kwa mfano wake mwenyewe. Na vipimo vya lugha ya Kiswahili vilivyotengenezwa na kusanifiwa kwa ajili ya watoto wetu bado ni vichache; hiyo ni mada ya utafiti ya kutosha maisha mazima.

Fedha na viza

Maombi hulipiwa kwa dola, kwa kila chuo, na asiye na ufadhili ni heri aombe vyuo vitano alivyovichunguza kuliko kumi na mitano vya kubahatisha. Ufadhili wa uzamili wa kitaaluma ni haba kuliko wa udaktari wa falsafa. Muulize mratibu wa programu mapema kama kuna nafasi za msaidizi wa utafiti kwa wageni. Ubalozini utatakiwa kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza.

Viza imekuwa swali lingine. Juni 2025 Rais Donald Trump alitia saini tangazo lililosimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi na kuwafungia zaidi raia wa Somalia. Masharti ya aina hii hubadilika ndani ya miezi, hivyo mwombaji asome masharti ya nchi yake kabla ya kulipa ada ya kwanza.

Milango mingine

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kijana anayetaka kuwatibu watu wa ukanda huu aanze kutazama ukanda huu. Makerere ilianza shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki. Muhimbili, Dar es Salaam, ina shahada inayounganisha elimu ya usikivu na tiba ya usemi. Mhitimu wa shahada kama hizo akiomba uzamili Marekani anafika na saa za wodini na wagonjwa halisi, na haandiki insha ya kubuni.

Anayetaka uzamili bila kuvuka bahari atazame Chuo Kikuu cha Ghana, kilichoanza programu yake ya miaka miwili mwaka 2016. Kwa wanaozungumza Kifaransa wa Kongo na Burundi, Lomé nchini Togo imekuwa ikifundisha fani hii tangu 2003. Ufaransa yenyewe mafunzo ni ya miaka mitano tangu 2013, na ushindani wake hauko nyuma ya ule wa Marekani. Uingereza ina uzamili wa miaka miwili unaopokea wahitimu wa fani nyingine, lakini kizingiti cha Kiingereza ni cha juu kuliko cha taaluma nyingine za afya: IELTS 8.0, bila kipengele kilicho chini ya 7.5. Wapo Waingereza ambao wangeufikia kwa jasho.

Linabaki suala la kurudi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu Julai 2010, na nchi wanachama zimetia saini makubaliano ya kutambuana kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Wataalamu wa usemi hawamo. Aliyesomea Makerere akitaka kufungua kliniki Kigali, au aliyetoka Marekani akitaka kuajiriwa Mombasa, atapeleka vyeti vyake upya kwa mamlaka ya nchi husika na kusubiri. Ng'ombe anaweza kutibiwa na daktari aliyevuka mpaka kwa makubaliano. Mtoto asiyesema, bado.

Anayelenga muhula wa Agosti kule Marekani aanze kuomba hati zake za matokeo mwezi Juni wa mwaka unaotangulia, na ifikapo Oktoba awe ameongea na waandishi wake wa barua. Maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Februari. Majibu huja hadi Aprili, na tarehe 15 ya mwezi huo ndiyo siku ambayo vyuo vingi hutaka mwombaji awe ameamua. Walio kwenye orodha ya kusubiri huanza kupigiwa simu baada ya hapo, wengine hadi Julai, jambo ambalo kwa mtu anayehitaji miadi ya ubalozi ni kuchelewa mno.