Lenzi na Sura ya Bibi Harusi

Picha ya harusi ni miongoni mwa vitu vichache vya nyumbani visivyoweza kupatikana mara ya pili. Kabati likivunjika hutengenezwa, na vazi likichakaa hushonwa jingine. Lakini siku ya harusi ikishapita, hina hufifia, maua hunyauka, wageni hurejea makwao, na kinachosalia ni picha. Picha hiyo hutundikwa sebuleni kwa miaka mingi, na wajukuu huitazama ili wajue bibi yao alivyokuwa. Kwa hiyo ni jambo la kusikitisha bibi harusi anapoipokea picha yake na kusema kwamba huyu si yeye: pua imekuwa nene, masikio yamejificha nyuma ya mashavu, na kidevu kimechongoka.

Lawama ya kasoro hizo huangukia lenzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa haliko katika lenzi yenyewe, bali katika mahali aliposimama mpiga picha. Anayelifahamu jambo hilo ataweza kuchagua lenzi ifaayo, hata kama fedha zake ni chache.

Urefu wa fokasi

Lenzi ya kamera hufanya kazi kama lenzi mbinuko inayofundishwa shuleni. Miale ya nuru itokayo kwenye kitu kilicho mbali sana hupinda inapopita ndani ya lenzi, kisha hukutana nyuma yake. Umbali kati ya lenzi na mahali miale inapokutana huitwa urefu wa fokasi, nao hupimwa kwa milimita. Lenzi yenye urefu mdogo wa fokasi, kama vile milimita 28, huona eneo pana na kutoa taswira ndogo ya kila kilichomo. Lenzi yenye urefu mkubwa, kama vile milimita 135, huona eneo jembamba na kutoa taswira kubwa. Hesabu zitakazofuata ni za kamera ambayo filamu yake, au kihisi chake cha nuru, ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36.

Kinachobadilisha sura

Tuchukue kwamba ncha ya pua ya mtu imetangulia mbele ya masikio yake kwa kadiri ya sentimita 12. Taswira ya kitu hupungua ukubwa kadiri kitu hicho kinavyokuwa mbali na kamera. Kamera ikiwa sentimita 50 kutoka puani, basi itakuwa sentimita 62 kutoka masikioni. Tukigawanya 62 kwa 50 tunaona kwamba, ikilinganishwa na masikio, pua imekuzwa kwa asilimia 24 zaidi. Kamera ikirudi nyuma hadi mita 1.5, ziada hiyo hushuka kuwa asilimia 8. Ikifika mita 2.4, ziada huwa asilimia 5 tu. Msomaji ataona kwamba urefu wa fokasi haumo kabisa katika hesabu hii. Kinachoamua ulinganifu wa uso ni umbali peke yake.

Je, lenzi inahusikaje? Lenzi humwamuru mpiga picha asimame wapi. Tuseme anataka kupiga picha ya kichwa na mabega, yaani kimo cha sentimita 60, nayo ijaze picha iliyosimama wima. Akiwa na lenzi ya milimita 28 itambidi asogee hadi sentimita 50. Kwa lenzi ya milimita 50 atasimama kadiri ya sentimita 90, kwa milimita 85 mita 1.5, na kwa milimita 135 mita 2.4. Hiyo ndiyo sababu lenzi za milimita 85 hadi 135 zimepata sifa ya kupendeza nyuso: zinamlazimisha mpiga picha kurudi nyuma hadi kwenye umbali ambao sisi wenyewe tumezoea kutazamana tunapozungumza. Hata hivyo, si vema kupita kiasi. Kutoka mbali sana uso huonekana bapa, na mpiga picha hulazimika kupaza sauti ili kumwelekeza bibi harusi aliyekwisha kuingiwa na haya.

Jaribio rahisi

Jambo hili laweza kuthibitishwa kwa simu yenye kamera. Mpige picha rafiki yako kutoka sentimita 40, uso wake ukiijaza picha. Kisha rudi nyuma hadi mita 2, umpige tena kwa lenzi ile ile bila kukuza chochote, na baadaye ukate picha hiyo ubaki na uso tu. Linganisha masikio na pua katika picha hizo mbili. Lenzi ni moja, mtu ni mmoja, lakini sura ni mbili.

Picha nzima na picha za jamaa

Chumba nacho kina kauli yake. Picha ya bibi harusi kutoka utosini hadi kwenye pindo la gauni, pamoja na nafasi kidogo juu na chini, yahitaji kimo cha mita 2. Kwa lenzi ya milimita 85 mpiga picha atahitaji karibu mita 5 za kurudi nyuma, na vyumba vingi anamopambwa bibi harusi havina nafasi hiyo. Lenzi ya milimita 50 itahitaji mita 2.8, na ya milimita 35 mita 2. Hapo ndipo lenzi hizo mbili zinapofaa, mradi kamera ishikwe katika usawa wa kifua au kiuno. Ikishikwa juu na kuinamishwa, kichwa kitakuwa kikubwa na miguu itakuwa mifupi.

Picha za jamaa huleta tatizo jingine. Safu ya watu yenye upana wa mita 5 huenea katika picha ya lenzi ya milimita 28 kutoka umbali wa mita 3.9. Lakini miale itokayo kwa watu wa pembeni huifikia filamu kwa mshazari, na taswira zao hutandazwa. Ukingoni mwa picha ya lenzi hiyo, kichwa cha mviringo hunenepa upande kwa takriban asilimia 19. Kwa lenzi ya milimita 35, kutoka mita 4.9, hunenepa kwa asilimia 12. Kwa ile ya milimita 50, kutoka mita 7, ni asilimia 6 tu. Kwa hiyo, shangazi aliyesimama mwisho wa safu asipewe unene asiokuwa nao: jamaa wapangwe safu mbili au watolewe uani, na mpiga picha arudi nyuma.

Nuru na ukali wa picha

Sifa ya pili ya lenzi ni wingi wa nuru inayopita. Huonyeshwa kwa namba ya f, ambayo ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 85 yenye namba 1.8 ina tundu la kadiri ya milimita 47. Namba ikiwa ndogo, nuru ni nyingi: namba 2 hupitisha nuru mara nne ya namba 4. Umuhimu wa jambo hili ulitambuliwa mapema. Mwaka 1840, mwaka mmoja tu baada ya upigaji picha kutangazwa huko Ufaransa, Joseph Petzval wa Vienna alibuni lenzi ya picha za watu yenye namba 3.6. Lenzi hiyo ilipunguza sana muda ambao mtu alipaswa kukaa kimya mbele ya kamera.

Lakini tundu kubwa lina gharama yake. Kwa picha ile ya kichwa na mabega, lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa hadi 1.8 huwa na kina cha ukali cha sentimita 3 tu. Jicho litakuwa kali, na sikio litafifia. Kwa namba 5.6 kina hufika kadiri ya sentimita 10. Bibi harusi akiwa peke yake, tundu kubwa hufuta vurugu zilizo nyuma yake. Akiwa na bwana harusi ubavuni, ni salama zaidi kutumia namba 4 au 5.6, ili mmoja wao asiachwe katika ukungu.

Uchaguzi

Mwenye uwezo wa kununua lenzi moja tu achague ya milimita 50, asimame mita 1.5 kutoka kwa uso, kisha akate kingo za picha. Mwenye uwezo wa mbili achague milimita 35 na 85. Kanisani, au mahali pa nikahi, ambapo si adabu kuwakaribia wahusika, lenzi ya zumu ya milimita 70 hadi 200 yenye namba 2.8 hustahili uzito wake. Kamera nyingi zina kihisi kidogo zaidi, na ndani yake lenzi ya milimita 50 huona eneo kama la milimita 75. Kwa kamera hizo, lenzi hiyo ya bei nafuu inatosha kabisa kwa picha za uso.

Kanuni ni hii: kwanza chagua mahali pa kusimama, ndipo uchague lenzi. Lenzi huweza kuazimwa au kubadilishwa, lakini hatua mbili za kurudi nyuma hazina bei, na ndizo zitakazoihifadhi sura ya bibi harusi kama waliompenda walivyomjua.