Ruzuku za zana za blokcheni zaleta tija, lakini nani atalipia matengenezo?

MIPANGO ya kufadhili zana zinazotumiwa na wasanidi wa programu za blokcheni imegawa mamilioni ya dola tangu mwaka 2018, na zana nyingi zilizotokana na fedha hizo zinatumika kote ulimwenguni. Hata hivyo, matukio ya miaka ya karibuni yanadhihirisha kwamba kuanzisha zana ni jambo moja, na kuitunza ni jambo jingine kabisa.

Suala hili lilipata uzito mpya mwaka 2025. Mnamo Agosti mwaka huo, mpango wa ruzuku wa Wakfu wa Ethereum, ambao makao yake yako Zug, Uswisi, ulisitisha kwa muda kupokea maombi ya wazi ili upange upya namna ya kutoa fedha. Mwaka 2024 mpango huo ulikuwa umefadhili miradi 105 kwa takriban dola milioni 3 za Marekani.

Miezi michache kabla ya hapo, Gitcoin, shirika lililojipatia sifa kwa kukusanya na kugawa michango ya wasanidi, lilifunga kitengo kilichotengeneza programu ya kuendeshea michango hiyo.

Ili kuelewa uzito wa mabadiliko hayo, ni muhimu kwanza kufahamu kinachofadhiliwa. Blokcheni ni daftari la kumbukumbu linalohifadhiwa kwenye tarakilishi nyingi kwa wakati mmoja. Muamala unapoingizwa, nakala zote hubadilika kwa pamoja, na ni vigumu mno kwa mtu mmoja kufuta yaliyokwisha kuandikwa.

Mtandao wa Ethereum, ulioanza kufanya kazi Julai 2015, uliongeza jambo moja kubwa. Pamoja na kumbukumbu za malipo, daftari lake hubeba programu zinazojitekeleza zenyewe masharti yanapotimia. Programu hizo huitwa mikataba erevu. Mkataba wa aina hii unaweza kupokea fedha, kuzihifadhi na kuzitoa pasipo karani wala benki kuingilia.

Seremala hawezi kuunda kiti bila msumeno na randa. Vivyo hivyo, msanidi wa mikataba erevu huhitaji lugha ya kuandikia, kompaila ya kugeuza maandishi yake yawe amri za tarakilishi, programu ya kujaribia kazi yake kabla haijagusa fedha za watu, na maktaba ya misimbo iliyokwisha kuhakikiwa. Hizo ndizo zana zinazozungumziwa.

Kisima cha wote

Takriban zana zote hizi ni programu huria. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzikagua na kuzirekebisha bila kulipa. Sifa hiyo ndiyo iliyozieneza, na ndiyo iliyozifanya zikose mlipaji. Zinafanana na kisima cha kijiji ambacho kila boma huteka maji, lakini kamba inapokatika kila mmoja hudhani jirani yake ataileta nyingine.

Kampuni inayoendesha soko la sarafu za kidijitali hutoza ada kwa kila muamala. Aliyetengeneza kompaila inayoliwezesha soko hilo kuwepo hapati hata senti kutokana na ada hiyo. Ruzuku zilibuniwa ili kuziba pengo hilo.

Hatari ya pengo hilo ilidhihirika Julai 30, 2023. Siku hiyo wavamizi waliiba fedha kutoka kwa hazina kadhaa za Curve, mojawapo ya masoko makubwa ya kubadilishana sarafu kwenye Ethereum. Hasara ilikadiriwa kuwa takriban dola milioni 70, ingawa sehemu kubwa ilirejeshwa baadaye.

Wachunguzi walipofuatilia, waligundua kwamba waandishi wa mikataba ya Curve hawakuwa wamekosea. Dosari ilikuwa katika kompaila ya lugha ya Vyper, ambayo ni zana huria iliyokuwa ikitunzwa na kikundi kidogo cha wasanidi. Matoleo matatu ya kompaila hiyo, yaani 0.2.15, 0.2.16 na 0.3.0, hayakuunda ipasavyo kufuli inayozuia mkataba kuitwa mara ya pili kabla ya kumaliza kazi ya kwanza. Aliyejua udhaifu huo aliweza kuomba fedha tena na tena kabla hesabu hazijasahihishwa.

Toleo lililofuata halikuwa na dosari hiyo. Lakini mikataba iliyokwisha kuwekwa kwenye blokcheni kwa kutumia matoleo ya awali haikuweza kubadilishwa, kwa kuwa kutobadilika ndiko msingi wa teknolojia yenyewe. Kosa la zana lilikuwa limegeuka kuwa kosa la kudumu, na lilikaa miaka miwili hivi pasipo mtu wa kulifichua hadharani.

Njia tatu za kugawa fedha

Kufikia sasa, mipango ya ruzuku imefuata njia kuu tatu. Ya kwanza ndiyo kongwe: mwombaji huandika pendekezo, kamati hulipima, na fedha hutolewa kabla ya kazi au kwa vipande kadiri kazi inavyosonga mbele. Wakfu wa Ethereum ulianza kutoa ruzuku za aina hii mwaka 2018. Ubora wa njia hii ni kwamba humwezesha msanidi asiye na akiba kuanza kazi. Udhaifu wake ni kwamba kamati hulazimika kukisia ni kipi kitafaa miaka miwili baadaye.

Njia ya pili ilitokana na andiko la kitaaluma la mwaka 2018 lililotungwa na Vitalik Buterin, mwasisi wa Ethereum, pamoja na Zoë Hitzig na Glen Weyl. Watatu hao walipendekeza kwamba fedha za mfuko mkuu zifuate wingi wa wachangiaji kuliko ukubwa wa michango. Gitcoin ilianza kuitumia njia hiyo mapema mwaka 2019 kwa mfuko wa dola 25,000 pekee. Kufikia 2023, kwa mujibu wa shirika lenyewe, zaidi ya dola milioni 50 zilikuwa zimegawanywa.

Kwa Mkenya aliyezoea harambee, tofauti ni rahisi kuiona. Katika harambee, mgeni wa heshima anayetoa laki moja hushangiliwa kuliko akina mama mia moja waliotoa mia mia. Hesabu ya Gitcoin hugeuza mambo. Kipeuo cha pili cha kila mchango hutafutwa, vipeuo vyote hujumlishwa, kisha jumla hiyo huzidishwa kwa yenyewe.

Mradi uliochangiwa dola 1 na kila mmoja wa watu 100 hupata alama 10,000. Mradi uliochangiwa dola 100 na mtu mmoja hupata alama 100 tu. Mfuko mkuu hugawanywa kwa kuegemea alama hizo, hivyo zana inayotumiwa na wengi wenye kipato kidogo hupata sauti.

Lakini palipo na hesabu ya vichwa, vichwa hewa havikosi. Mtu mmoja anaweza kufungua akaunti mia moja na kujichangia mwenyewe. Gitcoin ililazimika kuunda mfumo wa kuthibitisha kwamba mchangiaji ni binadamu halisi, na vita dhidi ya akaunti hewa vikawa sehemu ya kudumu ya kazi yake.

Isitoshe, zana zisizoonekana hazina washangiliaji. Programu yenye sura ya kuvutia hupata wachangiaji wengi, ilhali maktaba iliyojificha ndani ya programu mia tano huenda isijulikane hata na wanaoitegemea kila siku.

Njia ya tatu ni kulipa baada ya kazi. Ilianzishwa na Optimism, mtandao uliojengwa juu ya Ethereum ili kuharakisha miamala na kupunguza gharama zake. Hoja yake ni kwamba watu hukubaliana kwa urahisi kuhusu kilichowafaa jana kuliko kitakachowafaa kesho. Kwa hiyo msanidi hufanya kazi kwanza, manufaa yake yakaonekana, ndipo tuzo ikatolewa.

Maendeleo ya mpango huo yanaweza kufuatwa kwa tarakimu. Awamu ya kwanza, mwishoni mwa 2021, ilitoa dola milioni 1 kwa miradi 58. Ya pili, mwaka 2023, ilitoa tokeni milioni 10 za OP, ambayo ni sarafu ya mtandao huo, kwa miradi 195. Ya tatu, ambayo matokeo yake yalitangazwa Januari 2024, ilitoa tokeni milioni 30 kwa miradi 501. Thamani yake wakati huo ilikuwa takriban dola milioni 100.

Ukubwa huo ulizaa tatizo. Wapigakura walitakiwa kupima miradi zaidi ya 600, kazi ambayo mtu mwenye shughuli nyingine hawezi kuifanya kwa makini. Aghalabu jina linalofahamika ndilo hupigiwa kura. Awamu ya nne ya mwaka 2024, iliyotoa tokeni milioni 10 kwa miradi 207, iliwaondolea wapigakura jukumu la kupima mradi mmoja mmoja. Badala yake, walichagua vigezo, na vigezo vikaamua mgawo.

Kipimo chenyewe chapimwa

Hatua iliyofuata ndiyo iliyowahusu zaidi watengenezaji wa zana. Mwaka 2025 Optimism ilitenga hadi tokeni milioni 8 kwa ajili ya zana za wasanidi peke yake. Tathmini ilifuata nyayo zilizoachwa na kazi: ni programu zipi zilizo hai kwenye mtandao, zimetegemea maktaba zipi katika misimbo yao, na wasanidi wake wamekuwa wakijihusisha na zana zipi. Zana iliyobeba programu zenye watumiaji wengi ilipata alama nyingi, hata kama jina lake halikujulikana.

Hayo ni maendeleo ya kweli, kwa sababu maktaba iliyojificha sasa inaweza kuonekana. Hata hivyo, kipimo hicho nacho kina upofu wake. Zana ya kutafuta dosari, ambayo msanidi huiendesha mara moja kisha akaiweka kando, haiachi alama ndani ya msimbo wa mwisho. Zana mpya ambayo haijapata watumiaji haionekani pia. Na pindi watu wanapojua kipimo ni kipi, wapo watakaotengeneza alama badala ya kutengeneza zana.

Kuna pia suala la thamani ya tuzo. Machi 2024 tokeni moja ya OP ilizidi dola 4. Kufikia katikati ya 2025 ilikuwa imeshuka chini ya dola 1. Msanidi aliyetunza zana kwa mwaka mzima akitumaini tuzo anaweza kupata tokeni zilezile alizotarajia, lakini zikashindwa kulipa kodi ya nyumba. Anayeweza kusubiri ni yule aliye na kazi nyingine au mfadhili. Kijana wa Nairobi au Kisumu anayeanza bila akiba hawezi kula manufaa yatakayothibitishwa mwakani.

Mfano wa Truffle unaonyesha kwamba hata kampuni kubwa si kinga. Zana hiyo iliyoanza mwaka 2015 ndiyo iliyowafunza wasanidi wengi wa mwanzo kuandika mikataba erevu. Septemba 2023 kampuni ya ConsenSys, iliyokuwa ikiimiliki, ilitangaza kuifunga na kuwashauri watumiaji wahamie Hardhat. Hardhat nayo hutunzwa na Wakfu wa Nomic, ulioanzishwa mwaka 2022 kwa michango ili isitegemee mauzo.

Afrika Mashariki haiko mbali

Msomaji anaweza kudhani kwamba mjadala huu ni wa Uswisi na Marekani. Sivyo. Mjini Mombasa, vocha za jamii zilizoanza kwa karatasi katika mtaa wa Bangladesh mwaka 2013 zilihamishiwa baadaye kwenye blokcheni, na zikawa zinatumiwa na wananchi kwa simu za kawaida. Muuza mboga anayepokea vocha hiyo hajui jina la kompaila iliyotumika, lakini kompaila ikiwa na dosari ni akiba yake inayoingia hatarini.

Oktoba 2025 Kenya ilipata sheria ya kusimamia watoaji wa huduma za mali za kidijitali, inayozipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kutoa leseni. Sheria hiyo humfikia mwenye kampuni. Haimfikii msanidi wa kujitolea, aliye nchi nyingine, anayetunza zana ambayo kampuni hiyo imeitegemea.

Kuhusu sarafu ya bitcoin, mfuko wa Btrust, uliotangazwa mwaka 2021 na Jack Dorsey na Jay-Z kwa kutenga bitcoin 500, umeelekeza nguvu zake katika kuwafunza na kuwafadhili wasanidi wa programu huria barani Afrika. Umuhimu wa hatua kama hiyo hauko katika fedha pekee. Mahali penye mtu anayeijua zana kwa undani ndipo dosari yake inaweza kugunduliwa mapema.

Kwa hiyo, orodha ya miradi iliyopewa fedha haitoshi kuwa ushahidi wa maendeleo. Swali la kumuuliza mfadhili yeyote ni kama zana aliyoilipia miaka mitatu iliyopita bado ina mtu anayejibu taarifa za dosari, na mtu huyo analipwa na nani. Watumiaji wa Vyper walipata jibu la swali hilo Julai 2023, baada ya fedha kwisha kuondoka. Mganga hajigangi, na zana nayo haijitengenezi.