Kisu Changu na Kuku wa Siyu

Wasomaji wangu, mfukoni mwangu hamkosi vitu viwili: kalamu na kisu cha kukunja. Kazi ya kalamu mwaijua. Leo nitasema juu ya kisu.

Ni Opinel nambari 8, katika jamii ya visu alivyoanza kuvitengeneza Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Mpini wake ni wa mti. Bapa lake ni kama sentimita 8 na nusu, lina chapa ya mkono wenye taji. Shingoni kuna pete ya chuma iliyoongezwa mwaka 1955. Ukiizungusha, kisu hakijikunji kikakukata vidole.

Nilikinunua kwa baharia mmoja Mombasa, ningali kijana. Nikakitia kila kazi: kukata ndimu, kamba za makumbi, hata kufungulia maboksi. Hewa yetu ya chumvi hukila chuma chake, basi nilikifuta kwa mafuta kikawa king'aa. Nikadhani nimekitunza. Kunoa, la.

Mwaka 1998 nilikwenda Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika tangu zamani kwa wahunzi, mafundi wa ngozi na wanakili wa misahafu. Nilifikia kwa bibi mmoja ambaye mwanawe alikuwa baharini. Akaniletea kuku.

"Mwanangu, hebu nitindie huyu."

Nikakitoa kisu changu kwa mbwembwe. Nikamwelekeza kuku kibla, nikapiga bismillahi, nikavuta. Kisu kikateleza. Nikavuta tena na tena bila kuinua mkono, naye kuku akitapatapa, hata akatokwa na roho.

Bibi hakunifokea. Alikichukua kile kisu, akakijaribu kwenye ukucha wa gumba.

"Kisu kizuri, mwanangu, lakini wakipenda kwa macho. Na huyu kuku alikuwa na haki yake."

"Naam, bibi," nikasema, nimeinamisha kichwa.

Chuoni nilifundishwa hadithi ya Mtume (S.A.W.), aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila jambo, na kwamba mchinjaji akinoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Niliihifadhi kwa ulimi. Mkono ulikuwa bado kuisoma.

Jioni ile bibi alinipa kinoo. Maji kidogo, ukilaze kisu wala usikisimamishe, uvute pande zote mbili kwa hesabu moja. Wala usinoe mbele ya mnyama. Tena akanionya kwamba kisu butu ndicho kimkatacho mwenyewe, kwani hukikandamiza kwa nguvu, nacho kikateleza.

Juzi mwanangu wa kiume aliniomba kisu hicho. Wako vijana watakao kisu ili waogopwe, basi nikampa kinoo kwanza. Wiki ya pili sasa yuko barazani, anoa visu vya jikoni vya nyumba nzima. Mamake asema vimesalia viwili.