Seva ya nyumbani: Kuiwasha ni siku moja, kuitunza ni kila juma

MWENYE duka anayeandika madeni katika daftari moja anaijua hofu ya kulipoteza. Daftari likiloa maji, likitafunwa na panya au likisahaulika kwenye basi, madeni nayo yamekwenda. Atakayekuja mwenyewe kukiri kuwa anadaiwa kilo kumi za sukari ni nadra.

Kuna watu, wengi wao si wataalamu wa kompyuta kwa kazi, walioamua kuifanya kompyuta moja ndogo kuwa daftari la nyumba nzima. Daftari hilo huitwa wiki. Si wiki ya siku saba. Neno hilo ni la Kihawaii na maana yake ni haraka. Alilichukua Ward Cunningham, mtengeneza programu wa Portland nchini Marekani, kutoka kwenye jina la basi la abiria katika uwanja wa ndege wa Honolulu. Wiki yake ya kwanza ilifunguliwa Machi 25, 1995. Wikipedia, ambayo ina toleo la Kiswahili tangu mwaka 2003, ni mjukuu wa kazi hiyo.

Wiki ya nyumbani ni ndogo zaidi, lakini inafanya kazi kwa namna ile ile. Kila jambo lina ukurasa wake: ng'ombe mmoja ukurasa mmoja, shamba moja ukurasa mmoja, na mteja vivyo hivyo. Ukurasa wa ng'ombe ukitaja dawa, ukibonyeza jina la dawa unafika kwenye ukurasa wenye kipimo chake na siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa. Kila badiliko huwekewa tarehe, na maandishi ya zamani hubaki. Kama kila mtu ana nenosiri lake, aliyefuta deni atajulikana, awe amefuta kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Hapo daftari la karatasi haliwezi kushindana.

Kwa mwenye mbuzi wawili, daftari la karatasi linamtosha. Habari hii inamhusu mwenye kumbukumbu za miaka mingi na watu watatu au wanne wanaoziandika.

Gharama ya kuanza si kubwa. Programu ya DokuWiki, iliyotolewa na Andreas Gohr wa Ujerumani mwaka 2004, ni ya bure. Kompyuta inayopendwa na wengi kwa kazi hii ni Raspberry Pi, yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Ikitumia wati 4 usiku na mchana, kwa mwezi inakula uniti zisizofika 3. Kompyuta ya zamani ya mezani inayokula wati 60 itamaliza uniti 43. Anayefikiri amepata seva ya bure kwa sababu ofisi fulani ilikuwa inatupa kompyuta, afanye kwanza hesabu hiyo.

Wengi wanaishia hapo. Wiki imewaka, simu za nyumbani zinaifungua kupitia Wi-Fi, na kila mtu amefurahi. Matatizo huja baadaye, na la kwanza ni umeme.

Kompyuta hii ndogo huhifadhi kila kitu kwenye memori kadi kama ile ya simu. Kadi hiyo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, na seva huandika hata pale ambapo hakuna mtu anayeitumia. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi nzima inaweza kukataa kuwaka. Kwa hiyo waliozoea kazi hii huweka kurasa kwenye diski ya nje, na huwa na kadi ya pili iliyotayarishwa droo. Betri ndogo ya akiba pia husaidia, mradi seva izimwe kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Mwenye sola nyumbani yuko mbele hapa, maana seva hii inataka volti 5 tu.

Chaja ya simu nayo imewaponza wengi. Raspberry Pi ya toleo la 4 inataka ampea 3, na chaja nyingi za simu hazifiki hapo. Ikipungukiwa huonyesha alama ya radi kwenye kioo, lakini seva nyingi hazina kioo, hivyo mwenyewe hujua pale inapoanza kuzimika bila sababu.

Lipo na jambo dogo la saa. Matoleo yaliyotangulia lile la 5 hayana saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Bila intaneti ya kuirekebisha, seva huamka ikiamini muda haujapita, na deni la Ijumaa likaandikwa kuwa ni la Jumatano. Kwa mfanyabiashara huo ni ugomvi na mteja.

Kazi yenyewe hasa ni nakala ya akiba. DokuWiki haitumii hifadhidata. Kila ukurasa ni faili la maandishi ya kawaida ndani ya folda. Kunakili folda hiyo kwenye flashi kila Jumamosi jioni ni kazi ya dakika chache, ilimradi flashi isilale kando ya seva, kwa sababu mwizi atachukua vyote viwili.

Hata makampuni makubwa yamejifunza hilo kwa maumivu. Machi 10, 2021, jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliteketea kwa moto mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyeumia, lakini wapo wateja waliokuwa na nakala katika eneo hilo hilo, na zikaungua pamoja na asili yake.

Januari 31, 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipogeukia nakala walikuta njia walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi, na hakuna aliyekuwa amegundua. Waliokolewa na nakala iliyopigwa saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa.

Kwa hiyo, mara moja kila miezi mitatu, chukua ile kadi ya pili, weka humo nakala ya flashi, iwashe, kisha ufungue ukurasa wa ng'ombe wa jana. Ukifunguka, una nakala. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Programu nazo zinazeeka. Toleo la 7.4 la PHP, lugha inayoiendesha DokuWiki, liliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, na waliohamia toleo la 8 walikuta baadhi ya viongezo vyao vya zamani vimegoma. Nakili kwanza, ndipo usasishe, na usijaze viongezo usivyovihitaji. Wiki ya duka au shamba pia haina sababu ya kufunguliwa kwa dunia nzima. Wiki zilizoachwa wazi hujazwa matangazo ya dawa na kamari na programu zinazozunguka mitandaoni usiku kucha. Hata wiki ya Cunningham ilikuja kufungwa, ikawa ya kusomwa tu.

Linalobaki ni mtu mwenyewe. Seva za nyumbani nyingi zinajulikana na mmoja tu, na huyo akisafiri au akiugua, mkewe au kijana wa duka hajui hata pa kuizimia. Karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu inatosha: jina la seva, nenosiri, mahali ilipo flashi, na namna ya kuzifungua zile kurasa kwenye kompyuta yoyote bila seva. Karatasi hiyo ikae pamoja na hati za shamba.